Mgongo wa Mwenye Pembe

Mtu anaweza kujiogesha, kujipikia, kujifunga kidonda, hata kujililia akichoka kungoja wa kumlilia. Kujiumika mgongo hawezi. Najua kwa sababu nimejaribu, tena nikiwa na akili zangu timamu, na ukuta wa nyumba yangu ya Kitale ndio ulioniona.

Kwa asiyejua kazi hii, niieleze kidogo. Unachukua pembe ndogo iliyokatwa ncha, yenye tundu juu. Unailowesha ukingo, unaiweka mgongoni kwa mtu, unavuta hewa kwa mdomo mpaka ngozi ipande ndani. Kisha kwa ulimi unaziba tundu kwa nta uliyoificha shavuni, bila kuachia pumzi, na hapo pembe inashika. Baadaye unaibandua, unachanja chale ndogo kwa wembe pale palipovimba, unairudisha, na sasa inavuta damu. Damu ikitoka nyeusi na nzito, hiyo ni ya msimu uliokwisha, na imekwenda. Ikitoka nyekundu na nyepesi, basi ile mbaya bado imejificha ndani, na pembe irudiwe. Chale zinapakwa majivu ya majani machungu, mtu anakunywa maji ya majani hayo hayo huku amekunja uso, na damu yake inafukiwa ardhini yeye mwenyewe akiangalia. Hapo ni lazima aangalie. Hakuna mtu anayetaka kulala akijiuliza damu yake iko wapi.

Na haikuwa kazi ya wagonjwa. Hili watu wa siku hizi hawalielewi, wanadhani kila dawa lazima ifuate maumivu. Mgonjwa alikuwa na waganga wake. Pembe ilikuwa ya mtu anayekula akashiba na kulala akakoroma. Wakati wake ulikuwa mwisho wa kiangazi, mabua yamechomwa mashambani, vumbi linazunguka njiani, na wingu la kwanza limeanza kukaa juu ya Mlima Elgon bila kuondoka. Mvua isiikute damu ya jua mwilini, ndivyo tulivyosema. Ikiikuta, baridi ya Julai itakufunga kifua, na wewe utalaumu moshi wa jikoni.

Mama yangu alikuwa mtu wa pembe upande wa Myanga, na mama yake alikuwa vilevile. Mimi nilipewa jina la huyo bibi. Kwetu ukimpa mtoto jina la mzazi wako humwiti ovyo, kwa hiyo mama aliniita mama, nami nikamwita mama, na mgeni akipita nje ya boma letu alisikia mama na mama wakijibizana asijue ni nani amemzaa nani.

Alikuwa mkali. Sikumbuki akinishika shavu wala kunikumbatia, na sikumlaumu, kwa sababu sikuona mama wa mtu mwingine akifanya hivyo pia. Lakini watu wa pembe hufanya kazi wawili wawili, kwa sababu ya huo mgongo usiofikika. Bibi alipokufa, mama alibaki hana mwenzake, akanifundisha mimi kabla hata sijaota matiti. Tuliwahudumia watu mpaka wakaisha, mzee na kijana, jirani na jirani wa jirani. Kazi ya mwisho ya msimu ilikuwa sisi wenyewe. Tulikwenda nyuma ya ghala la wimbi, yeye akashusha nguo na kunigeuzia mgongo, nikamuumika. Kisha nikakaa mimi, akaniumika.

Na hapo ndipo mama alipozungumza. Akiwa nyuma yangu, pembe zimeshika, hana uso wa kuangalia wala mimi sina wa kumwonyesha, alisema mambo ambayo mbele ya macho yangu hakuyasema kamwe. Aliniambia habari za watoto aliowazika kabla sijazaliwa. Aliniambia kwamba baba alikuja kumposa akiwa amevaa viatu vya kuazima, akachechemea njia nzima ya kurudi kwao. Mkono wake ulikuwa umetulia begani kwangu ukingoja pembe, na ulikuwa na joto. Nilipenda siku ile kuliko Krismasi. Nilikuwa namwomba Mungu damu itoke nyekundu ili pembe irudiwe.

Nilipoolewa nilikwenda Kitale, kwa sababu mume wangu aliendesha maksai wa kulimia katika shamba la mzungu mmoja huko. Mama alinipa pembe zake nzuri, zile laini za zamani, akabaki na nyingine. Mume wangu alikuwa mtu wa kucheka. Aliwaambia wenzake katika kambi ya wafanyakazi kwamba wengine wameoa wapishi, yeye ameoa mbu. Walicheka mpaka kiangazi kilipoisha, kisha wakaanza kuja mmoja mmoja, wamekunja kofia mikononi, wakiuliza kama mbu yupo nyumbani.

Kambi ile ilikuwa na watu wa kila kabila, na wengi kwao walikuwa na pembe zao walizoziacha. Nikawa mtu wa pembe wa shamba zima. Nyapara aliyetufokea mwaka mzima alilala kifudifudi kwenye mkeka wangu na kuniuliza kwa sauti ndogo kama wembe ni mkali sana. Ukishaona mgongo wa mtu humwogopi tena vilevile. Mke wa mzungu naye alikuwa na kawaida yake: msimu ukigeuka alitupanga foleni nje ya stoo na kumnywesha kila mtu haluli, ile chumvi ya kuendesha, kutoka kikombe kimoja. Wanaume walikunywa haluli asubuhi na kuja kwangu mchana. Hawakuona sababu ya kuchagua.

Mimi nami kila mwaka, watu wa kambi wakishaisha, nilifunga pembe zangu katika kitambaa na kwenda kwa mama. Treni ilikuwepo, lakini ilizunguka mpaka upande wa Eldoret ndipo irudi Bungoma, kama mtu anayekwepa mdai wake. Nilitembea, nikalala kwa shangazi yangu Kimilili, na mara nyingine nikapata lori la Mhindi lililobeba mahindi na kukaa juu ya magunia. Mume wangu aliona ni safari ndefu kwa ajili ya mgongo. Nilimwambia akikubali kujifunza nitabaki nyumbani. Alijaribu siku moja kwenye mguu wangu, nta ikamkwama kooni, akakohoa mpaka jirani wakaja.

Halafu vita vikaja, mume wangu akachukuliwa pamoja na wengine, na kambi ikabaki ya wanawake na wazee. Maksai wakauzwa. Tukachuma pareto, yale maua meupe yaliyotakiwa kwa ajili ya kuulia wadudu huko walikokuwa askari. Nilichuma nikifikiri labda ua hili litamfikia yeye. Ni mawazo ya kijinga lakini ndiyo niliyokuwa nayo.

Hakurudi. Homa ilimmaliza katika misitu ya Burma, baada ya risasi zote kumkosa. Aliyekuja kuniambia ni mwanajeshi mwenzake, mtu wa Kanduyi, aliyekuja mpaka mlangoni kwangu na buti zake za jeshi akazivua nje kama anaingia kanisani. Habari ya kifo aliisema haraka. Kisha, kwa sababu sikulia na yeye hakujua afanye nini na mtu asiyelia, akanipa hadithi nyingine.

Alisema waliwahi kupelekwa kupumzika katika mji mmoja wa India, na katika mji huo kulikuwa na mtaa wa Wachina. Wakipita wakaona katika chumba kilichofunguka barabarani mzee amelala kifudifudi juu ya benchi, mgongo umejaa vikombe vya mwanzi vimeshika vyenyewe. Mwingine amekaa kando, sindano nyembamba zimesimama miguuni mwake, anazungumza kama hana kitu. Mume wangu akasimama hapo hapo. Akamtafuta mtu wa kutafsiri, akauliza hawa wanaumwa nini. Mchina mwenye kazi akajibu kwamba hawaumwi chochote. Baridi inaisha, msimu unageuka, mwili unatayarishwa.

"Akacheka mpaka watu wakatoka nje kuangalia," yule mwanajeshi alisema. "Akasema, kumbe mke wangu ako na ndugu huku."

Kisha akahesabu kwa vidole nyumbani ni msimu gani. Akaona ni wakati wa pembe. Akavua shati la jeshi, akalala kwenye benchi la Mchina. Sindano alizikataa, alisema sindano ni za kushona. Vikombe alivikubali vyote, na akiwa amelala pale, mwenzake alisema, alinyamaza kwa muda mrefu, jambo ambalo si kawaida yake, na alipoinuka hakutaka kusema neno mpaka jioni.

Hapo ndipo nililia. Nilimwonea Mchina yule wivu, na wakati huo huo nilitaka kumpelekea kuku. Mtu wa mwisho kuutayarisha mgongo wa mume wangu alikuwa mgeni asiyejua hata jina lake, na aliufanya vizuri. Nimemfikiria mtu huyo miaka mingi kuliko ninavyowafikiria baadhi ya ndugu zangu. Nimejiuliza jinsi anavyowasha moto ndani ya kikombe bila kumuunguza mtu, maana yule mwanajeshi alisema hakuvuta kwa mdomo, alitumia moto. Na nimejiuliza ni nani anayemfanyia yeye.

Ndugu wa mume wangu alikuja kutaka kunirithi, kama desturi ilivyokuwa. Sikumtaka, na nadhani yeye pia hakunitaka, alikuwa ametumwa. Mtoto sikuwa naye. Nikabaki kambini, nikaendelea kuchuma pareto, na msimu ulipogeuka nikafunga pembe zangu kwenda kwa mama. Mwaka ule nilikwenda karibu mbio. Nilikuwa na maneno mengi ya kusema na nilijua mahali pamoja tu duniani pa kuyasemea, nyuma ya ghala, nikiwa nimempa mtu mgongo.

Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nilimkuta mama amevaa gauni jeupe na kitambaa cheupe kichwani, na wanawake wengine wa namna hiyo walikuwa shambani kwake wanalima mistari yake wakiimba. Alikuwa ameingia kanisa. Alinitambulisha kwao mmoja mmoja, dada huyu, dada yule, na uso wake ulikuwa na ulaini ambao mimi niliujua kwa sauti tu. Nikafurahi kwa ajili yake. Kweli nilifurahi.

Dada wale walipokwenda, nilikoga, nikachukua kitambaa changu cha pembe, nikaenda nyuma ya ghala na kukaa. Alinifuata lakini hakukaa.

"Mama, hiyo kitu sigusi tena," alisema.

Akanieleza kwamba mzee wa kanisa alisema damu ilimwagwa mara moja ikatosha watu wote. Pembe zake alizitupa chooni mbele ya mashahidi. Nilimwambia simwombi aumike watu, namwomba mgongo wangu tu. Akasimama akikunja ncha ya kitambaa cha kichwa, na nikaona kwamba si rahisi kwake.

"Nikikufanyia wewe, nimefanya," alisema. "Mungu haangalii ni mgongo ya nani."

Nikavaa nguo yangu. Kama angenifokea ningebishana naye, lakini alisema kwa upole, na upole wenyewe sikuuzoea. Kiburi kikanishika. Nikamwambia si neno, asijali, huko Kitale niko na mtu wa kuniumika.

Akauliza ni nani. Nikasema ni mama mmoja wa kambi, jirani yangu, mkono wake ni mwepesi. Mama akaangalia upande wa shamba.

"Mwepesi kuliko yangu?"

"Karibu sawa," nikasema.

Akashusha pumzi, na nikaona nimempunguzia mzigo. Siku niliyoondoka alinifungia simsim iliyokaangwa, kifurushi kizuri, akaniambia nimpelekee yule mama, nimwambie asante kwa kumtunzia mtoto. Nikaibeba mpaka Kitale. Nikaila peke yangu, punje kwa punje, na ilikuwa tamu, hilo siwezi kukataa.

Tangu mwaka huo sikwenda tena wakati wa pembe. Nilikwenda Krismasi, wakati nyumba imejaa dada na watoto wao. Kila Krismasi mama aliniuliza habari za yule mama wa kambi, nami kila Krismasi nilikuwa na jambo la kumwambia. Alizaa. Mtoto wake akapona surua. Mume wake akapandishwa cheo. Mwanamke yule alipata kila kitu ambacho mimi sikupata, na simsim yake haikukosa hata mwaka mmoja.

Kitale nilikuwa na mkeka, pembe na watu wa msimu. Wiki zile za mwisho wa kiangazi nyumba yangu ilijaa. Mvua ikishanyesha, njia ya kuja kwangu ilimea nyasi. Watu hawakunichukia. Walinisalimia vizuri, walinigawia mboga. Ila hawakukaa kwenye moto wangu wala kula chakula changu, kwa sababu mtu aliyeona damu ya kila mmoja si mtu wa kupiga naye soga. Hata wale niliowafukia damu yao wenyewe wakiangalia, walipita mbali kidogo. Kuna majira niliyokaa toka Jumamosi mpaka Jumatatu bila mtu kuniita jina, na nikilala nilijigeuza ukutani nikaegemeza mgongo hapo, kwa sababu ukuta ulikuwa umeota jua mchana na joto lilikuwa bado halijaisha.

Nilijaribu. Nilifunga pembe kwenye kijiti na bomba la shina la boga, nikavuta kwa mbali. Hewa iliingia kila mahali isipokuwa nilipotaka itoke. Nilijaribu kuegemea ukuta niishikishe pembe kwa uzito wangu, ikaanguka, na nta ikabaki imenata kwenye udongo. Nilimwomba mwanamke mmoja tuliyechuma naye pareto. Alikubali, akaja, akaona wembe, akaanza kucheka kwa woga na kusema hawezi kumkata mtu anayekata watu. Nikamchekea nami, nikamkaribisha chai, hakuinywa. Baada ya hapo sikumwomba mtu. Julai ilinifunga kifua kila mwaka, nikakohoa, nikajiambia ni moshi wa jikoni.

Ilipita miaka hivyo. Mzungu yule aliuza shamba kwa mzungu mwingine, pareto ikang'olewa, yakapandwa mahindi. Siku moja mwishoni mwa kiangazi mtu wa kanisa la mama alikuja Kitale kununua mbegu, akanitafuta kambini. Alisema macho ya mama yamefunga. Anaona mwanga wa mlango tu. Alisema dada wanampelekea chakula, hakosi kitu, ila ameanza kuniita mchana, akifikiri niko uani.

Nikafunga nguo zangu. Pembe nilizifunga pia, kwa mazoea, au ndivyo nilivyojiambia.

Mama alikuwa ameketi juu ya mkeka ndani ya nyumba, mdogo, meno yamekwisha, kitambaa cheupe bado kichwani. Alinijua kwa hatua. Nilichemsha maji, nikamkogesha pale pale, na nilipofika mgongoni nikaona chale zangu. Zilikuwa za mkono wa mtoto, nyingine zimepinda, zimekaa zimefifia kwenye ngozi iliyolegea. Nilizipitisha kitambaa polepole kuliko ilivyohitajika. Nilipomaliza kumvika alinyoosha mkono na kupapasa hewa.

"Maji bado ni moto?" akauliza. "Kaa. Mimi nikuoshe mgongo."

Nikashusha nguo nikakaa mbele yake. Nilikuwa nimesahau. Kitambaa chenye maji ya moto kilishuka toka shingoni, kisha akakiacha, akatumia mkono. Ukapita begani, ukarudi. Ukashuka kando ya uti wa mgongo, ukarudi. Nikajua anachotafuta, na hapakuwa na mahali pa kukimbilia.

"Hii ni yangu," alisema. "Hii ni yangu. Hii yangu, siku hiyo ulilia." Vidole vikazunguka tena, vikatafuta chini, vikatafuta kwenye mbavu. "Ya yule mama iko wapi?"

Nikainamia nguo iliyokuwa magotini.

"Mama. Ya yule mama wa Kitale iko wapi?"

"Hakuna yule mama," nikasema.

"Sasa simsim yangu ilikuwa inakuliwa na nani?"

"Na mimi."

Akacheka, kile kicheko chake kifupi cha puani, na mimi nikacheka. Kisha kikaisha, na mkono wake ulikuwa bado upo.

"Miaka hiyo yote hakuna mtu amekugusa," alisema. Hakuwa akiuliza. Nililia bila kutoa sauti, lakini mgongo hauwezi kuficha kilio, na mkono wake ulikuwa juu yake. Akaniacha nilie. Baadaye akaniambia nilete pembe.

Nilimkumbusha kanisa. Akasema, "Kanisa wataniuliza mimi, hawatakuuliza wewe."

Nilimpa pembe na nta. Aliilowesha kwa kidole, akaiweka mahali penyewe bila kukosea, akainama na kuvuta. Mdomo usio na meno haukuweza kushika. Hewa ilipita kando kwa sauti ndogo, na pembe ikaangukia mkekani. Akavuta tena. Nilisikia kifua chake kikifanya kazi nyuma ya shingo yangu. Ikaanguka. Nikataka kumwambia yatosha, nikashindwa, kwa sababu nilikuwa naitaka ishike kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka. Alijaribu tena, nta ikamponyoka na kuniangukia begani, na hapo akapapasa mpaka akaiokota.

Kisha akaiweka pembe chini. Akaweka kiganja chake mahali pa pembe, akakikaza, akakiacha hapo.

Tukangoja. Kulikuwa na upepo wa vumbi nje na harufu ya mabua yaliyochomwa. Akaanza kuzungumza nyuma yangu, kwa sauti ile ya nyuma ya ghala niliyodhani imekwisha duniani.

"Mimi niliingia kanisa juu ya kuogopa nyumba," alisema. "Baba yako alikufa, nyumba ikawa kimya sana. Wale dada walinitoa kwa hiyo kimya. Sikujua imekufuata wewe."

Nikamwambia habari za mume wangu na Mchina. Sikuwa nimewahi kumwambia. Nilipofika mahali pa kuvua shati alisema, "Alifanya vizuri," sijui akimaanisha mume wangu au Mchina. Kiganja kilikaa muda wote ambao pembe ingekaa, kisha kidogo zaidi. Halafu akakibandua taratibu, kwa ukingo mmoja kwanza, jinsi pembe inavyobanduliwa. Akachukua kitambaa kikavu na kunifuta mahali pale kwa uangalifu, akanipa hicho kitambaa kwa juu ya bega langu.

"Imetoka, mama?"

"Imetoka, mama."

"Ni nyeusi?"

Nikakiangalia kitambaa. Kilikuwa cheupe, kimefuliwa vizuri na dada zake.

"Nyeusi kabisa," nikasema.

"Basi mvua ikuje," alisema mama yangu. "Enda uzike."

Nikavaa, nikachukua jembe, nikatoka nje nacho. Nikachimba karibu na dirisha lake, kwa nguvu, ili asikie.